Chupa Moja kwa Kila Mgeni

Haikuwa zamani wala haikuwa kale. Ilikuwa juzijuzi tu, na waliokula bado wanacheua. Ilikuwa katika nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa, si kwa woga, Mungu apishe mbali, bali kwa sababu jina hilo lilipelekwa kwenye kamati kufanyiwa maboresho na mpaka leo halijarudi. Katika nchi hiyo kulikuwa na jimbo liitwalo Tusonge, na serikali ya jimbo hilo iliwapenda wafanyabiashara wadogo kama mwewe anavyowapenda vifaranga. Haikuweza kumwona mmoja ikampita.

Kwa mapenzi hayo ikaundwa Idara ya Kuwashika Mkono Wafanyabiashara Wadogo, ikapewa jengo la ghorofa saba. Ghorofa ya kwanza walikaa waliopokea barua, ya pili waliozipeleka ya tatu, ya tatu waliozirudisha ya pili. Zilizobaki zilikuwa za wakurugenzi, ambao kazi yao ilikuwa kusafiri nchi za mbali kutazama wafanyabiashara wadogo wa huko wanashikwaje mkono. Walirudi wamenenepa, wakisema safari ilikuwa ngumu.

Katika mtaa wa Mivinjeni aliishi mwanamke aitwaye Kidawa, naye hakuwa na habari na ghorofa yoyote. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mkavu wa mwili, mwenye viganja vilivyobabuka kwa chumvi na ndimu. Kazi yake ilikuwa achari. Ndimu anazipasua msalaba, anazishindilia chumvi, anazianika juani mpaka zikunjamane kama uso wa mtu aliyedhulumiwa, kisha anazitia kwenye pipa pamoja na pilipili, bizari na siki, zinalala humo siku arobaini. Masharti ni mawili. Pipa halichotwi kwa chuma, na mkono wenye maji hauingii ndani. Tone moja la maji, achari imekufa.

Alisaidiwa na mwenzake Staajabu, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kuchachusha ndimu bila siki. Wawili hao walitwanga pilipili kwenye kinu kimoja, mmoja akiinua mchi mwingine akishusha, huku wakitunga mashairi kwa mapigo ya kinu, mizani nane na nane, ili kazi isichoshe.

Siku moja alikuja mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya milima, Bwana Karama, mwenye lori na maneno machache. Akaonja. Akaonja tena.

"Dada," akasema, "nitarudi Alhamisi ya mwisho ya mwezi ujao. Nikikuta mapipa matatu yaliyoiva, nachukua yote, na kila mwezi nitachukua matatu mengine. Nikikosa, kuna mama mmoja kule bondeni, achari yake haina ladha lakini ipo."

Kidawa akayatazama mapipa yake matatu ya buluu yaliyosimama kibarazani. Yote yalikuwa yamejaa, na kufikia siku hiyo yatakuwa yameiva. Kila mwezi matatu! Staajabu angeacha kufulia watu nguo. Banda analoishi lingeezekwa bati jipya. Usiku ule alilala akitabasamu, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza, maana katika Jimbo la Tusonge tabasamu la mnyonge linanukia mbali.

*

Siku ya tatu akaingia uani Bwana Ngwatu, Afisa Ukuzaji Msaidizi Daraja la Pili, mwenye suti ya rangi ya ugoro, mkoba wa ngozi na fomu yenye kurasa arobaini na nne.

"Mama," akasema, "umebahatika. Serikali imekuona."

"Alhamdulillahi," akasema Kidawa. "Imeniona nimefanya nini?"

"Imekuona una shida. Taja shida yako."

Kidawa akafikiri. Kusema kweli hakuwa na shida kubwa, lakini si adabu kumrudisha mtu aliyetembea juani. "Labda vizibo," akasema. "Tunavifunga kwa mkono, viganja vinachubuka. Nasikia iko mashine ndogo ya kufungia."

"Mashine!" Bwana Ngwatu akaandika. "Utaipata. Sasa tuendelee. Dira ya biashara yako kwa miaka ishirini na mitano ijayo ni ipi?"

"Kuuza achari, baba."

"Hana dira," akaandika. "Una bodi ya wakurugenzi?"

"Nina Staajabu."

"Niandike mwenyekiti," akasema Staajabu, akijisogeza juu ya kigoda chake. "Kiti chenyewe ndicho hiki, kina miguu mitatu."

Maswali yakaenda hadi adhuhuri. Aliulizwa uwiano wa ndimu za kike na za kiume. Aliulizwa kama pipa limewahi kushiriki mafunzo. Yalipofika tamati, Kidawa alifanya walivyofanya mama yake na bibi yake. Alimwekea mgeni sahani ya muhogo wa kuchemsha na achari pembeni. Bwana Ngwatu alikula mpaka masikio yakatoka jasho. Alipoaga, Kidawa akamfungia chupa moja kwenye kipande cha gazeti.

"Ya nini hii, mama?"

"Ya njiani, baba. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu."

Bwana Ngwatu akasimama. Akaketi tena. Akafungua fomu ukurasa wa arobaini na tatu, penye kichwa Mchango wa Mnufaika, ambapo tangu idara ianzishwe hapakuwahi kuandikwa neno. Akaandika kwa mwandiko mzuri: *Mnufaika hutoa chupa moja kwa kila mgeni.* Akagonga muhuri.

Staajabu aliutazama ule muhuri ukitua. "Shoga," akasema mgeni alipokwisha kuondoka, "umempa mtu adabu yako, naye ameifanya sheria."

"Chupa moja tu, mwenzangu."

"Sheria haijui moja."

*

Wiki iliyofuata ilikuja Kamati ya Kuonja, watu tisa na madereva watatu. Walikaa kwenye mkeka, wakaonja, wakajadiliana kama ukali ule ni ukali wa maendeleo au ukali wa kawaida. Wakaondoka na chupa kumi na mbili, kwa kuwa dereva naye ni mgeni.

Baada yao ikaja Kamati ya Kuthibitisha Kwamba Kamati ya Kuonja Ilionja. Hawa walikuwa kumi na saba. Mmoja alisema yeye hali achari, ina asidi, akachukua mbili za mama mkwe. Mwingine alilamba upawa wa mti uliotumika kuchotea, akaurudisha pipani, akajifuta mdomo kwa tai. Kisha ikaja Kamati ya Jinsia, yote wanaume. Ikaja Kamati ya Mazingira, ikaacha uani makopo ya soda na mifupa ya kuku. Kila aliyefika aliingia na mkono mmoja mfukoni, akatoka na mikono yote miwili imejaa.

"Waambie imekwisha," Staajabu akasema.

"Nitasemaje imekwisha na pipa wanaliona? Mama yangu atanigeukia kaburini."

"Mama yako alipokea wageni. Hawa si wageni, hawa ni nzige wenye vitambulisho."

Pipa la kwanza likafika chini. Ulisikika upawa ukikwaruza, na sauti ile ilimwingia Kidawa kwenye meno.

La pili halikuliwa, nalo lilikuwa na kisa cha heshima zaidi. Idara ilimtuma Mtaalamu Mwandamizi wa Usafi wa Vyakula, bwana mfupi mwenye pete kubwa ya kito chekundu, aliyekuja kuhakikisha achari haiharibiki. Mtaalamu akaomba maji. Akanawa mikono mbele ya watu wote kwa sabuni aliyokuja nayo, akieleza kila hatua ili wananchi wajifunze. Kisha, matone yakimchuruzika, akakunja mkono wa shati na kuutumbukiza mkono ndani ya pipa hadi kiwiko.

"Baba!" Kidawa akapiga ukelele. "Mkono una maji!"

"Mama," akasema Mtaalamu, akikoroga, "huu hauna maji. Huu ni mkono wa serikali."

Akautoa, akaunusa, akaulamba kidole kimoja kimoja, akaipa achari alama tisini na nane kwa usafi. Siku ya pili pipa likatoa povu. Siku ya tatu likaota ukungu wenye manyoya meupe kama kidevu cha mzee. Siku ya nne harufu yake iliwafanya nzi wapite mbali. Kidawa na Staajabu walilisukuma hadi mtaroni, wakalimwaga, na Kidawa akasimama pale akitazama siku zake arobaini zikienda na maji machafu.

Bwana Ngwatu alikuwa akipita. Aliandika: *Uzalishaji umezidi mahitaji hadi mnufaika anamwaga.* Akagonga muhuri, palepale, juu ya goti lake.

*

Likabaki pipa la tatu. Kidawa alimpelekea Bwana Karama salamu kupitia kwa madereva wa malori, akamweleza yaliyomfika. Jibu likaja fupi kama mwenyewe: *Niwekee hilo moja. Likinifaa tutaendelea. Alhamisi.*

Kidawa na Staajabu wakalibingirisha pipa hadi chumbani kwa Staajabu, wakalifunika kanga tatu na godoro, juu ya godoro wakaweka beseni la nguo chafu. Mtu hatafuti ladha chini ya nguo chafu, walifikiri. Hawakuijua vizuri serikali yao.

Jumatatu ikaja barua yenye mihuri sita. Ilisema kwamba Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Ngurumbwe, Mlezi wa Wadogo Wote, atafika yeye mwenyewe Mivinjeni siku ya Alhamisi kumkabidhi mnufaika mashine. Mnufaika aandae turubai, viti mia nne, ngoma na mbuzi. Mnufaika asome risala. Ili kumpunguzia mzigo, idara imemwandalia shairi la shukrani, lililotungwa na Mshairi Mkuu wa Idara, Daraja la Kwanza.

Kidawa akalisoma lile shairi, akihesabu mizani kwa vidole kama alivyozoea kinuni. Akalihesabu tena.

"Limekaaje?" Staajabu akauliza.

"Mstari wa kwanza una mizani kumi na moja, wa pili ishirini. Kina cha kwanza ni *Ngurumbwe*, cha pili ni *maendeleo*."

"Basi likitembea barabarani polisi watalikamata kwa ulevi. Utalisoma?"

"Nitalisoma. Nitasoma hata bei za nguo, ilimradi wanipe mashine waondoke, na Karama apakie pipa lake."

Kwa ajili ya viti na turubai aliuza kitanda. Kwa ajili ya mbuzi aliuza mlango wa banda. Kusaidiwa ni gharama, na watu wa Tusonge walikuwa wakisema hivyo hata kabla ya Kidawa.

*

Alhamisi ilifika. Ngoma zikalia tangu saa mbili asubuhi, na saa nane mchana msafara wa magari thelathini na moja ukaziba barabara ya Mivinjeni mwanzo hadi mwisho. Nyuma yake, mbali kabisa, lori la Bwana Karama likasimamishwa na askari.

Mheshimiwa Ngurumbwe akashuka kwa vituo. Kwanza likashuka tumbo, likapokewa kwa makofi. Kisha akashuka mwenyewe. Alivaa shati lenye picha yake, na shingoni alikuwa na taji la maua lililokwishaanza kunyauka kwa joto la mwili wake. Akapanda jukwaani, akaketi kwenye kochi lililokuja na gari lake lenyewe, akahutubia kwa saa moja na robo.

"Ndugu zangu! Serikali yangu haitalala mpaka kila mdogo awe mkubwa! Wengine wanauliza, tumewafanyia nini wadogo? Nami nawajibu: nani amewatembelea zaidi yetu? Nani amekaa nao? Nani amekula nao?"

"Hakuna!" akajibu Staajabu kwa sauti ya juu kabisa, na maafisa wakampigia makofi kwa moyo wake wa kizalendo.

Utepe ukakatwa. Pazia jekundu likavutwa. Na pale, mbele ya watu wa Mivinjeni, ikaonekana mashine: kubwa kama kabati, inang'aa fedha, ina mkono wa kushusha, ina taa tatu, ina nembo ya jimbo pande zote nne.

Kidawa akasogea, macho yakimlengalenga. Akaigusa. Ilikuwa mbao, tena mbao laini ya masanduku ya nyanya, iliyopakwa rangi ambayo haikuwa imekauka. Rangi ikabaki kiganjani. Taa zilikuwa vifuniko vya chupa za dawa ya kikohozi.

"Baba," akamnong'oneza Bwana Ngwatu, "hii si mashine."

"Huo ni mfano wa mashine, mama. Kwenye sherehe hukabidhiwa mfano."

"Na yenyewe iko wapi?"

"Iko njiani."

"Njia gani hiyo?"

"Njia bado inajengwa," akasema Bwana Ngwatu. "Tabasamu. Shusha huo mkono, wapiga picha wanangoja."

Kidawa akaushusha. Ukamkatikia mkononi. Wapiga picha wakapiga, na kesho yake magazeti yote ya jimbo yaliandika kwamba mama wa Mivinjeni alishindwa kujizuia kwa furaha akaikumbatia mashine.

Hapo Mheshimiwa akalamba midomo. "Na hii achari ninayoisikia iko wapi? Wenzangu wote wamepewa. Mimi si mgeni?"

Bwana Ngwatu akafungua fomu ukurasa wa arobaini na tatu, akasoma kwa sauti kifungu kile, neno kwa neno, na kutangaza kwamba kwa hesabu ya idara wageni waliopo ni mia nne na kumi na wawili.

"Imekwisha, Mheshimiwa," Kidawa akasema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwambia mgeni neno hilo.

Lakini katika msafara wa Mheshimiwa kulikuwa na watu wenye pua. Mtu aliyekula kila nyumba ya jimbo haongozwi na macho. Walinyanyua vichwa, wakageukia upepo, na wawili wakaondoka kwa mstari ulionyooka hadi chumbani kwa Staajabu. Nguo chafu zikatupwa. Godoro likatupwa. Pipa likaja likibingirishwa katikati ya ngoma na vigelegele, watu wakidhani ni sehemu ya ratiba.

Hawakungoja chupa. Wakuu wa idara walichota kwa vikombe vya soda, waliokosa vikombe wakachota kwa kofia. Katibu mmoja alijaza achari kwenye soksi yake, akaifunga fundo. Mikono iliingia pipani mitano mitano, yenye mafuta ya mbuzi, yenye jasho, yenye pete, na juisi nyekundu ikawachuruzika viwikoni, ikadondokea viatu, nao wakaipangusa kwa vidole na kulamba. Mheshimiwa aliletewa bakuli. Alikula kwa vidole vitano na kiganja, akifumba macho, na mbegu alizitema upande wa kulia, ambako msaidizi wake alizipokea kwa mkono.

"Na sasa," ikatangaza spika, "risala ya mnufaika!"

*

Kidawa akapanda jukwaani na karatasi ya idara mkononi. Kutoka pale juu aliona yote. Aliona pipa limeinamishwa, mtu kaingiza kichwa ndani anakwaruza. Mbele zaidi, kwenye kona ya barabara, alimwona Bwana Karama, aliyekuwa amefika kwa miguu, kasimama mikono nyuma, anatazama pipa lile lile alilowekewa.

Akaikunja karatasi. Akaitia kifuani. Mguu wake wa kulia ukaanza kupiga ubao wa jukwaa, taratibu, kama mchi unavyopiga kinu, na Staajabu, kule chini, akaitikia kwa kiganja juu ya paja. Kidawa akasema:

*Nilikuwa na mapipa, matatu tele ya ndimu,*
*Mkaja mkajilipa, kwa vidole vyenye hamu,*
*Na sasa mbao mwanipa, ati mashine adhimu,*
*Kupe hana cha kukupa, ila kukunyonya damu.*

Uwanja ukanyamaza. Askari mmoja akashika kirungu. Bwana Ngwatu akahisi suti yake ya ugoro ikimlowa mgongoni.

Mheshimiwa Ngurumbwe akafumbua macho. Hakuwa amesikia neno, maana alikuwa ananyonya ganda la ndimu na masikio yake yalikuwa upande wa tumbo. Aliona tu mwanamke kamaliza, na watu kimya. Akadhani wamezidiwa na shukrani. Akapiga makofi, juisi ikiruka kutoka viganjani.

"Safi sana!" akasema. "Mizani imetimia! Vina vimetimia! Mnaona wadogo wanavyojua kushukuru? Natamka hapa hapa: shairi hili liwe wimbo rasmi wa mpango. Liimbwe shuleni, liimbwe ofisini, na yeyote atakayelisikia asimame wima, mkono kifuani, asitikisike mpaka liishe!"

Wageni wote wakasimama wima, mkono kifuani. Mikono ile iliacha alama nyekundu kwenye mashati meupe, mia nne na kumi na mbili, upande wa moyo.

Msafara ulipoondoka Kidawa alimkimbilia Bwana Karama. Alikuta keshageuka.

"Kaka, ngoja. Siku arobaini nyingine tu."

"Dada, achari yako naijua," akasema Karama, kwa upole. "Lakini mimi nanunua achari. Sinunui sherehe." Akaenda zake bondeni, kwa yule mama ambaye achari yake haikuwa na ladha lakini ilikuwepo.

*

Mwisho wa mwaka taarifa ya idara ikasomwa redioni. Mpango ulipoanza, ilisema, Jimbo la Tusonge lilikuwa na wafanyabiashara wadogo mia tatu na arobaini. Sasa wamebaki kumi na mmoja, na hao nao wanashughulikiwa. Mheshimiwa alipewa nishani. Kidawa alipelekewa cheti cha kuhitimu udogo, chenye fremu, akatakiwa asaini kwamba amekipokea akiwa na furaha.

Mashine ya mbao ilibaki uani, imebandikwa karatasi: *Mali ya Serikali. Usiguse.* Kuku wa Staajabu hakujua kusoma, akaenda kutagia ndani. Wakaguzi walipofika kupima ufanisi wake walifungua kijimlango, wakakuta mayai matatu, wakayaandika, wakayachukua. Taarifa yao ilisema mashine imevuka matarajio.

Kidawa alianza kufulia watu nguo pamoja na Staajabu, hadi siku moja Staajabu akaja na kapu, juu mchicha, chini ndimu.

"Sina hamu tena, mwenzangu," akasema Kidawa.

"Hamu hatuhitaji. Tunahitaji ndoo."

Wakaanza upya. Bila kibao, bila pipa kibarazani. Ndoo mbili uvunguni, kisha nne nyumba ya jirani, kisha jirani wa jirani naye. Mtaa mzima ukajifunza kusema uongo kwa sura ya ucha Mungu. Mgeni akiuliza nani hapa anafanya biashara, aliambiwa: hapa, baba, tunasubiri mauti tu. Kwani watu wa Mivinjeni waliogopa njaa, waliogopa mafuriko, lakini hakuna walichokiogopa kama serikali kuja kuwasaidia. Bwana Karama, aliyechoshwa na achari isiyo na ladha, alirudi kimyakimya akaanza kuchukua ndoo kumi kila mwezi, akizifunika kwa vitunguu.

Asubuhi moja suti ya rangi ya ugoro ikaonekana mwanzo wa mtaa. Puani Bwana Ngwatu alikuwa amepata kitu. Alikuja akinusa, hatua tatu, ananusa, hatua tatu.

Bombani wanawake walikuwa wakichota maji. Mmoja akamwona. Hakupiga yowe, hakukimbia. Alitua ndoo yake, akasafisha koo, akaanza kuimba: *Nilikuwa na mapipa, matatu tele ya ndimu...* Wenzake wakaitikia. Nyumba ya pili ikapokea, na ya tatu.

Bwana Ngwatu akaganda. Mkoba chini, visigino pamoja, mkono kifuani, macho juu, kama sheria isemavyo. Nyuma ya mgongo wake milango ilifunguka, ndoo zikatoka, zikapita mbele ya pua yake hasa, vichwani mwa wanawake waliokwenda kwa madaha, zikatokomea uchochoro wa pili. Ubeti ulipokwisha waliurudia, maana ndoo zilikuwa nyingi. Waliurudia mara sita. Jua lilimwakia utosini. Walipofika pale pa kupe kwa mara ya sita, Bwana Ngwatu, kwa mazoea ya ofisini, alikuwa akiimba nao.

Kimya kilipotua alikuwa amesimama mlangoni kwa Kidawa, amelowa. Ndani hakukuwa na kitu ila kinu kilichooshwa na harufu.

"Mama," akasema, akikodoa macho chini ya meza, "naona umepumzika biashara."

"Nimehitimu, baba. Cheti hicho ukutani."

Bwana Ngwatu akameza mate. Akageuka kuondoka, akasita, akageuka tena. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayedai haki yake ya kuzaliwa. "Hata chupa moja tu? Kwenu mgeni si haondoki mikono mitupu?"

Kidawa akamtazama. Akaikumbuka sauti ya mama yake, akaisikiliza vizuri mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza akasikia kwamba mama alisema mgeni, hakusema nzige.

"Chupa ipo, baba," akasema, akianza kufunga mlango, mlango mpya wa mninga. "Iko njiani. Njia bado inajengwa."